Nusu Toni ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipostaafu ukunga, watu walitegemea atafuga kuku. Yeye akaamua kupuliza klarineti. Daktari mmoja mgeni, aliyefanya naye kazi wodini kabla ya kurudi kwao, alimwachia chombo hicho kama zawadi ya kuagana, naye akakifungia kabatini mpaka alipopata muda wa kukitoa. Kwa kuwa anaishi nasi, na kuta za nyumba yetu ni nyembamba, habari za kujifunza kwake nazijua zote, nota kwa nota.

Nampenda, niseme hilo mapema. Lakini mimi nina hasira za karibu na yeye hajui kushindwa, kwa hiyo tukiwa jikoni pamoja mume wangu hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje.

Mimi mwenyewe sipulizi chochote. Pumzi zangu nimezitunza kwa ajili ya kugombana. Mchana nafanya kazi kwenye duka la uchapaji: kadi za harusi, vipeperushi, mihuri. Kwenye bendi ya mtaa wetu ndimi mwandishi wa nota. Mkuu wa bendi, ambaye ni fundi saa, huniletea wimbo, nami nauingiza kwenye kompyuta, kwenye programu ya kuandikia muziki, kisha namchapia kila mpulizaji karatasi yake.

Asiyejua hudhani karatasi zote ni sawa. Laiti zingekuwa! Vyombo vya kupuliza vina uongo. Mpiga tarumbeta akiona nota ya C kwenye karatasi hupuliza C yake kwa moyo mweupe, lakini kinachosikika ni B-flati. Saksafoni alto ikipewa C hiyohiyo hutoa E-flati. Tromboni na tuba, lile baragumu kubwa la sauti nzito, ndizo pekee, Mungu azibariki, zinazosema zinachokiona. Mwandishi wa nota lazima ajue uongo wa kila mmoja, amwandikie uongo mwingine wa kuufuta ule wa kwanza, ili mwishoni watu wasikie ukweli. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa penseli na maumivu ya kichwa. Siku hizi unaiambia tu programu, mstari huu ni wa tarumbeta, huu wa saksafoni, nayo inazihamisha nota juu au chini kadiri inavyotakiwa. Kuna hata kitufe kinachoitwa sauti halisi. Ukikibonyeza, uongo wote unafutika na unaona kila nota kama sikio litakavyoisikia. Kitufe hicho ni cha mwandishi akiwa anakagua kazi yake, na baada ya hapo kinatakiwa kizimwe.

Basi mama mkwe akajiunga na bendi, na tatizo lake likawa moja: sauti yake ilikuwa chini ya wenzake. Haikuwa chini sana, ila kiasi cha kumfanya kila mtu akunje uso bila kujua kwa nini. Alikaa karibu na kinyozi, ambaye ndiye mpiga klarineti mwingine pekee tuliye naye, na wakipuliza nota moja pamoja ilikuwa kama mlango na fremu yake visivyofungana. Fundi saa alimwambia akaze midomo. Akakaza. Alimwambia asukume kinywa cha klarineti ndani zaidi, abadilishe mwanzi wa kupulizia, apashe chombo moto kabla ya kuanza. Yote aliyafanya, na bado alikuwa chini.

Kisha ukaja mwaliko. Wodi ya wazazi, ile ambayo mama mkwe aliitumikia tangu usichana wake, ilikuwa imebomolewa na kujengwa upya, na bendi yetu iliombwa ipige siku ya kufunguliwa. Wimbo uliochaguliwa ulikuwa ule ambao wakunga wa pale humwimbia mtoto akishatoka salama. Fundi saa aliupanga kwa bendi nzima, mimi nikaandika, na nyumbani kwangu hapakukalika tena kwa mazoezi.

Wiki ya tatu fundi saa alimwita mama mkwe pembeni, kwenye kona ya ukumbi wa shule tunamofanyia mazoezi. Mimi nilikuwa nakusanya karatasi, na masikio sikuyafunga.

"Mama Mkunga," alisema, "nakuheshimu mno. Lakini siku ya wodi naomba upumzike. Ukae mbele, kwenye viti vya wageni. Tutakutambulisha kwa heshima zote."

"Niko chini bado?"

"Uko chini, mama."

Hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mtu huyu hubishana hata na redio. Alifungua klarineti yake vipande vipande, akaipangusa, akaiweka kwenye sanduku lake. Tulipofika mlangoni kwetu akasema, "Wageni hukaa kwenye viti. Mimi pale sijawahi kukaa." Akaingia chumbani kwake, nami nikabaki nimeshika ufunguo. Niliumia kuliko nilivyodhani ningeumia.

Jumamosi asubuhi nikamwita kwenye kompyuta. Programu ile inaweza kupiga yenyewe sehemu za vyombo vingine, kwa hiyo mtu anaweza kufanya mazoezi na bendi ya bandia. Nilitaka ajisikie jinsi alivyo, ajirekebishe, yaishe. Akapuliza mistari miwili, akasimama.

"Mashine yako iko juu."

"Mama, mashine haijui kupanda wala kushuka. Wewe ndiye uko chini."

"Mwanangu, mimi nimekula mshahara kwa kusikiliza. Mtoto anayelia njaa na anayelia maumivu namjua nikiwa korido nyingine. Sikiliza hapa." Akapuliza ngazi ya nota, chini mpaka juu na kurudi. Ilikuwa safi, hakuna nota iliyoyumba. "Kuna kasoro gani hapo?"

"Hapo hakuna."

"Basi mashine imekosea."

Damu ikanichemka. Nikauchagua wimbo wote, vyombo vyote vya bandia, nikabonyeza mshale wa chini mara moja, na bendi nzima ikashuka nusu toni, hatua ndogo kuliko zote za nota. "Haya," nikasema, kwa kejeli kabisa, "nimekushushia dunia nzima. Sasa utaridhika?" Nikagonga kitufe cha kupiga.

Akaweka klarineti mdomoni na kusoma karatasi yake ileile. Nikasubiri ule mkwaruzo niliouzoea, na haukuja. Mlango ulifunga kwenye fremu yake. Sauti yake iliingia katikati ya tarumbeta na saksafoni za bandia, ikakaa, na nikajikuta nimeshika meza. Wimbo ulipokwisha tulitazamana, na nakiri kwamba mimi ndiye niliyeangalia pembeni kwanza.

Mtu asiye na sikio huyumba: leo chini sana, kesho juu kidogo, nota hii sawa, ile hovyo. Yeye alikuwa chini kwa kiasi kilekile, kila nota, kila siku. Nikafungua orodha ya vyombo kwenye programu. Niliifungua orodha hiyo kila wiki, na kila wiki nilichagua klarineti ya kwanza niliyoiona, ile ya B-flati, nikasonga mbele. Chini yake kulikuwa na nyingine: klarineti ya A. Inafanana na mwenzake kwa kila kitu, ila ni ndefu kidogo, na inatoka nusu toni chini.

Tulikwenda mbio kwa kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, akamwacha hivyohivyo akatoa klarineti yake. Tukazisimamisha zote mbili kwenye rafu mbele ya kioo. Ya mama mkwe ilizidi kwa vidole viwili.

"Kumbe!" kinyozi akasema. "Muda wote huu!"

"Muda wote huu mlininunia," mama mkwe akasema. "Wewe hasa. Ulikuwa unasogeza kiti."

"Nilikuwa natafuta mwanga, mama."

Nikamwuliza kinyozi kama hawezi kumwazima yake kwa siku hiyo moja tu, kwa kuwa bendi haina ya akiba. Alinitazama kana kwamba nimemwomba mswaki wake. Mteja mwenye nusu kichwa akaomba kwa adabu kwamba kazi iendelee, nasi tukaondoka.

Nilidhani sasa ni kazi ya dakika moja. Niiambie programu kwamba mstari ule ni wa klarineti ya A, ihamishe nota, nichape. Nikafanya hivyo. Karatasi ikatoka na alama sita za flati, zile za kushusha nota, mwanzoni mwa kila mstari. Wimbo ulikuwa kwenye E-flati, ufunguo wa sauti ambao tarumbeta na tuba huupenda, lakini kwa klarineti yake ulikuwa balaa. Mama mkwe alivaa miwani, akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu.

"Hii umeichapa, au imevamiwa na siafu?"

"Ni flati sita."

"Mimi nimejifunza moja. Na ya pili naisikia kwa watu."

Akajaribu. Alipuliza mstari wa kwanza kama mtu anayetembea gizani kwenye chumba chenye watoto waliolala. Muda wa kujifunza flati sita haukuwepo, wote wawili tulilijua hilo.

"Si uwashushe wote nusu toni, kama ulivyonishushia asubuhi?" akauliza. "Mimi nibaki na karatasi yangu ya zamani."

Wazo zuri, nikalifanya, tukaangalia pamoja. Yeye flati moja, raha mustarehe. Tarumbeta, shapu nne, zile alama za kupandisha. Muuza dawa, ambaye ndiye mpiga saksafoni wetu, shapu tano. Muuza dawa ni mtu mwema lakini shapu ya tatu humtoa jasho, ya tano ingemtoa kwenye bendi.

"Hapana," mama mkwe akasema. "Huwezi kumtua mmoja ukamtwisha mwingine. Jaribu pengine."

Tukakaa bega kwa bega alasiri yote, mimi nahamisha wimbo, yeye anahesabu alama kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, jambo ninalolichukia na siku hiyo nililivumilia. Kwenye F yeye alibaki na flati nne. Kwenye G akapona, muuza dawa akafa. Nilipotaka kugonga meza alinishika kiganja, akasema kwa sauti ambayo nadhani wanawake wengi wa mji huu wanaijua, "Tulia. Vuta pumzi. Tena." Nikaushusha wimbo mpaka C. Tromboni na tuba hawakuwa na alama hata moja. Tarumbeta na kinyozi walipata shapu mbili, muuza dawa tatu, na mama mkwe flati tatu.

"Tatu nitaziweza," akasema.

"Una uhakika?"

"Mapacha watatu nimewahi kupokea. Flati tatu zitanishinda?"

Kilichobaki kilikuwa changu. Programu inahamisha nota, lakini haijui pumzi za watu. Tuba ilikuwa imeshuka mpaka mahali ambapo ingekoroma tu, nikaipandisha oktava sehemu mbili. Tarumbeta ya pili ilikuwa imezama chini ya saksafoni, nikazibadilishia mistari. Nikasikiliza yote kwa sauti halisi, nikaridhika nayo, na nikaona fahari ambayo sikuwa nimeisikia tangu nianze kuchapa kadi za harusi.

Jumatatu nikampelekea fundi saa kibandani kwake, kompyuta kwapani. Alisikiliza huku ile lenzi yake ndogo ikiwa bado jichoni.

"Kwa hiyo sikio langu halikunidanganya," akasema.

"Halikukudanganya, mwalimu. Alikuwa chini kweli."

"Na yeye hakukosea."

"Hakukosea."

Akatoa lenzi. "Mimi nimelelewa kwenye bendi za shaba tupu. Klarineti ya A hata sijawahi kuishika." Akafikiri, vidole vikicheza na bisibisi. "Unataka watu kumi na wanne wajifunze karatasi mpya kwa ajili ya mtu mmoja."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na hotuba ninayo, lakini hakunipa nafasi. "Nitawapa mazoezi ya mwisho tu," akasema. "Ikikaa, anapiga. Nikisikia mkwaruzo hata mmoja, tunarudi kwenye karatasi za zamani na mama anakaa kwenye kiti. Siwezi kwenda kuaibika mbele ya wazazi na watoto wachanga."

Mazoezi ya mwisho yalikuwa siku moja kabla ya sherehe. Niligawa karatasi mpya, watu wakanung'unika kidogo, muuza dawa akahesabu alama zake akasema mbona hazipo kabisa, nami nikamwambia ashukuru. Fundi saa akainua mkono. Akaushusha.

Kelele iliyotoka sijui niifananishe na nini. Tarumbeta zilikwenda kwao, saksafoni kwao, tromboni na tuba peke yao ndizo zilizokuwa zinapiga wimbo. Na bila hata mmoja kumwambia mwenzake, bendi yote ikasimama na kumgeukia mama mkwe.

Yeye alikuwa ameketi wima, klarineti magotini. "Mimi bado sijapuliza!" akasema. "Mimi naingia mstari wa tatu!"

Ndipo nilipoelewa kwa nini muuza dawa hakuona alama. Nilichapa karatasi zote kitufe cha sauti halisi kikiwa kimewashwa. Kila mtu alipewa ukweli mtupu, na kila chombo kikautia uongo wake. Baada ya kelele zote nilizompigia mama wa watu kuhusu mashine isiyokosea, kosa lilikuwa la kidole changu, na kiti chake kwenye bendi ndicho kilichokuwa kinakwenda nalo.

"Ni mimi," nikasema. "Jamani, ni mimi. Nipeni muda nikachape upya."

Fundi saa akatazama saa. Tromboni akasema ana watoto wa kuwachukua shuleni. Wengine wakaanza kukunja stendi zao.

"Nenda," mama mkwe akaniambia. "Hawa niachie." Akasimama. "Wote kaeni. Wewe wa tuba, kaa. Nusu ya mliomo humu niliwapokea duniani kwa mikono hii, na leo nina nafasi ya kueleza kila mmoja alivyokuja. Nianze na aliyetanguliza makalio?"

Nilikimbia mpaka dukani, nikazima kitufe, nikakagua kila karatasi mara mbili, nikarudi nahema. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Mpiga tuba alikuwa amejifunika uso, wengine wanalia kwa kicheko, na fundi saa mwenyewe, ambaye kumbe naye alikuwa na zamu yake ya kusimuliwa inakuja, alizipokea karatasi kwa haraka isiyo ya kawaida.

Wakapiga. Niliinamisha kichwa nisimwone mtu yeyote. Mstari wa kwanza, wa pili, kisha wa tatu, mahali pa mama mkwe. Wakafika mwisho. Fundi saa akasema "Tena," wakarudia. Akaanza kupanga karatasi zake.

"Kesho mashati meupe," akasema. "Wote."

Mama mkwe alimshukuru kwa kuinamisha kichwa tu, lakini njiani alinishika mkono, jambo ambalo hatufanyi.

Siku ya wodi jua lilikuwa kali na watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Manesi walisimama madirishani, wengine na watoto mikononi. Bendi ilipangwa mbele ya mlango mpya, mama mkwe safu ya pili, katikati ya kinyozi na muuza dawa, shati lake likiwa limenyooshwa mpaka linang'aa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa ya umati, mahali ambapo sikuweza kumwona mtu, ila mdomo wa tuba tu. Fundi saa akainua mkono.

Wimbo ukaanza, nami nikaanza kumtafuta mama mkwe kwa masikio. Kwa wiki zote zile sikuhitaji kumtafuta. Ningemjua hata nikiwa usingizini, alivyokuwa ametengana na wenzake. Nikazitambua tarumbeta, tuba, saksafoni ya muuza dawa ikihangaika na shapu zake na kuzishinda. Nikasikia klarineti, sauti moja nene ya joto, nikajaribu kumtenga yeye na kinyozi. Sikuweza. Mstari wa tatu ulipita, wa nne ukapita, nikafumba macho, nikatega sikio kama ninayekagua kazi, na bado sikumpata. Manesi madirishani walikuwa wameanza kuimba. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta.

Baadaye alinitafuta kwenye umati, jasho linamtiririka, klarineti bado mkononi. Watu walikuwa wanamwita, alikuwa hawaoni.

"Ulinisikia?" akauliza.

"Nilikutafuta mwanzo mpaka mwisho, mama. Sikukusikia hata kidogo."

Akanisogelea. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanikumbatia palepale mbele ya watu, kwa nguvu, klarineti ikinichoma mbavuni.